Maiki ya Kupigiwa Mayowe

Kijana anayetaka kurekodi muziki wa metali huanza na bei: nichukue maiki ya Neumann U 87, ya maelfu ya dola, nisikike hadi pumzi? Ndugu yangu, unakwenda kunguruma kama jenereta lililoingiwa na maji. Pumzi hiyo nani kaiomba?

Maiki ya kondensa, kama hiyo U 87, ni sikio la mmbea. Inadaka mate, kiti kinacholia, na mama mwenye nyumba akiuliza mlangoni nani anachinjwa. Maiki ya dainamiki ina moyo mgumu. Shure SM7B, ambayo mtangulizi wake SM7 ndiyo aliyoimbia Michael Jackson kwenye albamu ya Thriller mwaka 1982, hupigiwa mayowe mdomoni kabisa na haitetereki. Ila hutoa umeme kiduchu, hivyo ukiichomeka kwenye kikuza sauti dhaifu unapata mngurumo pamoja na mlio wa chapati zikikaangwa. Ndipo mnunuzi hurudi dukani, safari hii kutafuta kifaa cha kuinyanyua. Jirani yake mwenye SM58, chuma cha tangu 1966, keshamaliza albamu.

Halafu wapo wanaoikumbatia maiki kwa viganja viwili, kama kikombe cha uji alfajiri. Ukiziba matundu ya nyuma ya kichwa chake, haijui tena mbele wala nyuma: inadaka kila upande, sauti inakuwa ya puani, na jukwaani spika zinaanza kupiga miluzi. Mwimbaji anaita hilo uzito. Fundi mitambo naye ana jina lake, halichapishiki.