Namna ya Kumsoma Willy Gamba Bila Kuona Haya

Ukitaka kuuchunguza utamaduni pendwa, anza na tendo la ujasiri: toa mfukoni Kufa na Kupona, kitabu cha Elvis Musiba kuhusu jasusi Willy Gamba, ukiweke juu ya meza ya maktaba, jalada likitazama juu. Usikifunike kwa gazeti. Atakayekukodolea macho msalimie, umkaribishe kiti.

Kisha mfungue Theodor Adorno, na usimkwepe kwa kuwa ni mkali. Yeye na Max Horkheimer, Wajerumani waliokimbilia Marekani kuepuka Unazi, walichapisha Amsterdam mwaka 1947 kitabu chenye sura kuhusu kiwanda cha utamaduni. Hoja yao: filamu, redio na magazeti ni bidhaa zinazofanana, mteja anaambiwa anachagua, na burudani inamrudisha kazini kesho yake bila swali. Isome mara mbili, upige mstari panapokuuma. Halafu chukua riwaya za Elvis Musiba, uandike pembeni Chifu, mkuu wake, anamwita Willy ukurasa wa ngapi, mrembo anatokea lini, Willy anatekwa wapi na anachopokaje. Utaona Adorno hakubahatisha.

Hapo wengi hufunga daftari. Wewe usifunge. Mlete Umberto Eco, ambaye mwaka 1965 alizichambua riwaya za James Bond kwa makini ya profesa, akaonyesha kuwa zinakwenda kwa hatua kama mchezo wa bao: mkuu anatoa kazi, adui anajitokeza, Bond anampata mwanamke, anatekwa na kuteswa, mwishowe anashinda. Mpangilio huo ulinganishe na wa Willy. Inakaribiana sana, na kazi yako ndiyo kwanza inaanza, maana adui si yule. Bond anailinda Uingereza inayopoteza makoloni yake. Willy anapambana na maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Kufa na Kupona kilitoka mwaka 1974, Msumbiji na Angola bado ziko chini ya Wareno, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ina makao yake Dar es Salaam. Msomaji wa siku zile alipomshangilia Willy alikuwa anajua anamshangilia dhidi ya nani. Nadharia isiyouona ushabiki huo imesoma nusu ya kitabu.

Wala usimpendelee Musiba kwa kuwa ni wetu. Wanawake wake mara nyingi ni pambo au mtego. Liandike hilo bila kumung'unya maneno.

Baada ya hapo ondoka maktaba. Janice Radway, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1984, aliwauliza wanawake wa Marekani kwa nini wanasoma riwaya za mapenzi, wakamweleza kuwa ndio muda wao wa kupumua mbali na mahitaji ya mume na watoto. Jibu hilo lisingepatikana kwa kukitazama kitabu peke yake. Basi nawe nenda kwa wauza vitabu vya mitumba, utafute nakala iliyobandikwa selotepu mgongoni, yenye majina ya waliowahi kuimiliki, kila jina kwa kalamu yake. Kitabu kilichochakaa hivyo kimesomwa kuliko tasnifu nyingi. Muulize fundi cherehani anayefuatilia hadithi za magazetini anasubiri nini toleo lijalo, kisha unyamaze umsikilize. Usimfundishe neno "itikadi" kabla hajamaliza kusimulia.

Na kama kwenye sanduku la babu imebaki riwaya kama Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla au Ndoto ya Mwendawazimu ya Eddie Ganzel, tafadhali isiishie kufungia vitumbua. Ipeleke maktaba ya chuo kilicho karibu nawe, na usiondoke mpaka uone wameiandikisha.