Kilo Zangu Zina Mwenyewe

Siku hizi mwanamke haendi kwenye kichen pati, anaenda kukaguliwa. Hata kiti hujavuta, ripoti yako imeshasomwa. Unampigia goti mama wa meza ya mbele, "Shikamoo mama," naye anaitika marahaba na kuunganisha humo humo: "Mbona umenenepa hivyo?" Mama huyu huyu kwenye shughuli iliyopita aliniuliza kama naumwa, maana nilikuwa nimekonda. Nauliza tu: ule uzito aliouridhia ulikuwa lini, na mimi siku hiyo nilikuwa wapi?

Halafu kuna sare. Kamati imechagua kijani cha embe bichi, kitambaa kinawasha kama kimefumwa kwa upupu, na fundi, kama kawaida ya mafundi, anakukabidhi jioni ya shughuli yenyewe. Umelipia kitambaa, umemlipa fundi, umetoa mchango, umechangia na friji la bibi harusi. Ukipita tu, unasikia nyuma: "Mshono wake wa kawaida." Wa kawaida! Ukumbi mzima tumevaa jora moja, usio wa kawaida utatoka wapi?

Ukidhani yamekwisha, somo anashika kipaza sauti. Bibi harusi ana shahada, ana kazi yake, na kodi ya nyumba analipa mwenyewe, lakini anafundishwa kupokea mkoba mlangoni, kunyamaza, na kuvumilia. Bwana harusi yeye anafundishwa wapi? Niliuliza. Nikaambiwa yuko kwenye mpira.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba haya yote yanaitwa mila. Mila ipi? Mambo haya ni wajukuu wa unyago, na kule Zanzibar ngoma ya unyago ilikuwa na bingwa wake, Fatuma binti Baraka, Bi Kidude. Huyo alivuta sigara mbele za watu, akapanda jukwaani peku, na mwaka 2005 akatunukiwa tuzo ya WOMEX ya muziki wa dunia akiwa bibi kizee. Sijasikia kamati iliyomchagulia rangi. Na nyimbo alizokulia zilikuwa za Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyeingia mjini akiuza vyungu. Mjini wakamtungia maneno ya kumcheka sura. Mwaka 1928 akapanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri. Santuri zake zinajulikana hadi leo. Waliomcheka, nitajieni hata mmoja.

Sisi wajukuu wao tunapiga picha ya gauni dukani, tunaituma kwenye kundi, tunasubiri watu waseme kama tumependeza ndipo tutoe hela. Hela zetu!

Shughuli ya mwezi ujao mchango nimeshatuma, sare sikununua. Nitavaa gauni langu la bluu lenye mifuko, mmojawapo unameza simu nzima. Mweka hazina kaniandikia kwamba nitaharibu picha. Mpiga picha analipwa, dada yangu, mwambie anikate. Mimi nitakuwa upande wa pilau.

Nanyi mtakaonikuta huko, niamkieni, niulizeni habari za nyumbani, hata deni nidaini. Kilo zangu ziacheni.