Jenereta la Shemeji

Watu wa nyumbani hawaamini kwamba Marekani umeme hukatika. Mama yangu yuko Tandika, Dar es Salaam. Ukimwambia kwamba huku Houston tumelala gizani, ananyamaza kidogo kwenye simu, kisha anauliza kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie: "Mwanangu, hela ya LUKU imekuishia?" Nikamweleza upepo, nikamweleza nguzo, nikamweleza miti iliyolalia nyaya. Akasema nisione haya, nikikwama niseme, wajomba watachanga.

Si hela, mama. Texas ina gridi yake peke yake, mbali na zile mbili kubwa za mashariki na magharibi ya nchi, na wenyewe wanaionea fahari mpaka siku ya baridi. Februari 2021 barafu ilishuka, mitambo ikaganda, nyumba zaidi ya milioni 4 zikakosa umeme, na jimbo lenyewe lilihesabu watu 246 waliokufa. Baadaye wasimamizi wa gridi walisema zilibaki dakika 4 na sekunde 37 mfumo mzima uanguke.

Sekunde hizo 37 ndizo zilizomharibu shemeji yangu.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Ni mhasibu, mtu wa miwani na kalamu mfukoni, ambaye hakuwahi kufungua boneti ya gari isipokuwa kuongeza maji ya kusafishia kioo. Baada ya barafu ile akaanza kuzitaja dakika zile kila mahali, harusini, msibani, kwenye vikao vya chama. Mwenye akili zake angekwenda dukani akanunua kajenereta ka petroli ka kuvuta kamba, kama kale kalikokuwa nje ya kila saluni ya Sinza enzi za mgao. Yeye akaingia kwenye mnada wa mali za jeshi zilizozidi, huko huko mtandaoni, akanunua MEP-803A, jenereta la dizeli la kilowati 10 la jeshi la Marekani, likiwa limefungwa juu ya tela lake. Jenereta peke yake lina zaidi ya kilo 500. Maelezo ya mnada yalisema linauzwa kama lilivyo, na kwamba haijulikani kama linawaka. Mimi ningeisoma sentensi hiyo kama onyo. Yeye aliisoma kama siri aliyonong'onezwa yeye tu.

"Litakaa kwako kwa muda, shemeji," akaniambia. Yeye anaishi apatimenti, ghorofa ya tatu. Mimi nina uwanja. Katika ukoo wetu mwenye uwanja hana kauli.

Kulichukua tu kulikuwa kazi. Tela la jeshi halina kikombe cha kukaa juu ya kile kidude cha mviringo nyuma ya pikapu kama matela ya raia. Lina pete nene ya chuma inayotaka ndoano yake maalumu. Ndoano ikanunuliwa. Tukaja kwenye taa: za tela ni za volti 24, pikapu ya kukodi inatoa 12. Aliyewahi kukaa karibu na lori anajua matokeo yake. Zikawaka kwa wekundu hafifu, wa kukisia.

"Taa za vitani hizo," akasema shemeji. "Adui asikuone."

Sawa, lakini aliyekuwa nyuma yetu barabara kuu hakuwa adui, alikuwa dereva wa semi, na huyo nilitamani sana atuone. Nikawasha taa za hatari za gari langu, nikamfuata shemeji kwa nyuma hadi nyumbani, mwendo wa msafara wa maiti.

Nitakiri kitu kimoja kizuri, maana sipendi kuonekana mnung'unikaji. Tulipofungua milango ya ubavuni nikaona jina la injini: Lister Petter. Lister! Mwenye kijiji chake anajua Lister. Ndiyo iliyotusagia mahindi. Ukiwa mbali shambani unasikia inavyopiga, unajua mashine imefunguliwa, unatumwa na debe kichwani. Kumbe jeshi lenye ndege zisizoonekana kwenye rada lilikuwa linapata umeme wake kutoka kwa ukoo ule ule wa Kiingereza, wa Dursley, uliotupa sembe. Nikaliangalia kwa heshima kwa muda. Kisha nikaona panya ndani.

Panya walikuwa familia kamili. Walikuwa wamekata nyaya ndogo ndogo na kujitandikia godoro la kuzuia sauti. Dizeli ya kwenye tangi ilikuwa imegeuka kitu cha kupakwa kwenye paa. Mipira ya maji imepasuka, vichujio vimeziba, betri zote mbili zimekufa. Na ni lazima ziwe mbili, za volti 12 kila moja, zifungwe mfululizo zitoe 24. Shemeji akafungua daftari la hesabu. Mhasibu hawezi kununua spana bila kuiandika. Kwenye ukurasa wa kwanza, nilipochungulia, pameandikwa "Jenereta letu: gharama." Wageni walipokuja Jumapili kulitazama, nilimsikia akisema, "Hili jenereta langu, mzee, jeshi zima la Marekani linalitegemea."

Mwokozi wetu alikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara, mzee Mmarekani mstaafu wa jeshi, ambaye kwa miaka yote tuliyoishi hapo alikuwa akinipungia mkono tu. Siku hiyo akavuka barabara. Akasimama mbele ya lile jenereta, akachomoa kijiti cha oili bila kuuliza, akakinusa, akatikisa kichwa. Tangu hapo kila Jumamosi yuko kwangu, kwenye kiti changu, anakunywa chai yangu ya tangawizi ambayo mwanzo alisema ina pilipili mno. Shemeji alipotaka kupiga msasa rangi yote ya kijani apake upya, mzee ndiye aliyemzuia. Rangi ile ilitengenezwa ili kemikali za kivita zisipenye, na vumbi lake si la kuvuta kifuani. Kwa hiyo jenereta limebaki na rangi ya vitani, na uwanja wangu kutoka barabarani unaonekana kama kituo cha ukaguzi.

Halafu kuna kitabu. Jeshi haliuzi kitu bila kitabu. Hiki ni TM 9-6115-642-10, na kinamchukulia msomaji kuwa mtu aliyetoka usingizini sasa hivi. Kagua kabla ya kuwasha, kagua likiwa linawaka, kagua baada ya kuzima. Shemeji alikisoma mpaka karatasi zikalegea. Mimi nilikipekua mpaka nikafika mahali panapozungumzia kuliharibu jenereta lisije likamfaa adui. Hapo nikasoma kwa makini. Kwenye paneli, chini ya kifuniko, kuna pia swichi ya vitani. Ukiiwasha, jenereta linapuuza ulinzi wake: oili ikishuka au joto likipanda, linaendelea tu hadi life, kwa sababu vitani afadhali mashine ife kuliko redio. Nimewakataza watoto kuikaribia. Nimemkataza na shemeji.

Kwenye nyaya za nyumba sikutaka mzaha. Shemeji alikuja na kebo yenye plagi ya kiume ncha zote mbili, eti tuchomeke kwenye soketi ya mashine ya kukaushia nguo, umeme uingie nyumbani kinyumenyume. Umeme huo hauishii nyumbani. Unatoka hadi kwenye transfoma ya mtaani, unapandishwa, unamkuta fundi wa watu juu ya nguzo anayeamini waya umekufa. Mke wangu akaichukua kebo, akaikata kwa mkasi wa kukatia kuku, akarudi jikoni. Tukamwita fundi umeme mwenye leseni, akafunga swichi ya kubadilisha, ambayo inaruhusu ama umeme wa mjini au wa jenereta, kamwe si vyote viwili. Bei yake ilizidi ya jenereta. Na moshi tukauweka mbali na madirisha. Mwaka ule wa barafu kuna watu waliolala na jenereta gereji wakitafuta joto, na hawakuamka.

Likawaka. Lilitoa moshi mweupe, likakohoa, likatoa moshi mweusi, kisha likatulia. Mzee wa ng'ambo akapiga saluti. Shemeji akafuta miwani. Jeshi linaliita jenereta la kimya. Kimya cha jeshi ni desibeli 70 ukisimama mita 7 kutoka hapo, na chumba changu cha kulala kiko mita 5.

Barua ya chama cha wenye nyumba haikuchelewa. Hapa mtaani kuna chama kinachoangalia urefu wa majani yako, rangi ya mlango wako na saa ya kutoa pipa la taka. Shemeji akajibu kwa kurasa nzima. Akanukuu sheria ya Texas ya mwaka 2015 inayozuia vyama hivi kupiga marufuku jenereta za akiba zenye kilowati 7 na zaidi, zilizofunikwa kiwandani kupunguza sauti na kuunganishwa kwenye paneli kuu kwa swichi ya kubadilisha. La kwetu lina 10, lina kifuniko, lina swichi. Chama kikajibu kwa mstari mmoja: kitu chenye magurudumu ni tela, na tela haliegeshwi mbele ya nyumba.

Basi ningesema sawa, tumelisogeza nyuma, yameisha. Hayaishi. Injini ya dizeli haipendi kazi nyepesi. Ukiliwasha jenereta la kilowati 10 kwa ajili ya friji na taa mbili, dizeli haiungui yote. Inabaki masizi na utelezi mweusi kwenye ekzosi, na ukiendelea hivyo injini inaumwa. Inabidi lipewe mzigo. Kwa hiyo kila mwezi shemeji anakuja kulifanyisha mazoezi, na mazoezi maana yake ni kutafuta kitu chochote nyumbani kwangu kinachokula umeme. Oveni iwashwe. Mashine ya kukaushia nguo iwashwe. Hita za umeme zitolewe stoo, mwezi wa Julai, Houston, jasho linatutiririka. Wazee walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu wetu ndiye aliyetupa sisi jembe. Mke wangu ameshajipanga: siku ya mazoezi anaoka mkate wa sinia, anafua mapazia, na anashangaa kwa sauti kwa nini mimi nimenuna.

Kisha alfajiri ya Julai 8, 2024, kikaja kimbunga Beryl. Wateja zaidi ya milioni 2 wa Houston na viunga vyake wakabaki bila umeme, wengine kwa zaidi ya wiki, kwenye joto la kupikia mtu. Hata ramani ya kuonyesha wapi umekatika haikuwepo. Watu wakawa wanafungua programu ya Whataburger, wauza baga, wanatazama matawi gani yako wazi: penye baga pana umeme.

Penye baga, na kwangu.

Sijui nani aliweka tangazo kwenye kundi la WhatsApp. Najua aliyeliandika alianza na "Karibuni, jenereta langu lipo." Walikuja wa Dar, wa Mombasa, wa Bujumbura, kila mmoja na friza yake, imejaa mbuzi wa Idi Kubwa. Waya za kurefusha zikavuka sebule. Nilimkuta mtu nisiyemjua ananyoa ndevu kwa mashine bafuni kwangu. Akanisalimia shikamoo kwa heshima zote, akaomba nimpe taulo. Mzee wa ng'ambo alileta kiti chake mwenyewe safari hii. Tangi linabeba galoni 9, kama lita 34, na kwa mzigo kamili linakunywa karibu galoni moja kwa saa. Foleni ya dizeli niliipanga mimi, na madumu, na jua. Shemeji alikuwa getini anapokea wageni, anawaeleza zile dakika 4 na sekunde 37.

Na sitasema uongo, usiku tulilala kwenye baridi ya kiyoyozi, watoto wakalala, mama mmoja mwenye dawa za kuweka kwenye friji akazihifadhi kwetu. Kwa siku hizo jenereta lilikuwa na mzigo wa kutosha kuliko maisha yake yote. Shemeji akalipapasa ubavuni, akasema, "Umeona? Jenereta letu." Daftari lilikuwa mkononi, ukurasa wa dizeli.

Umeme wa mjini uliporudi, wageni wakaondoka na friza zao, ila nyama iliyosahauliwa ambayo mpaka leo hatujui ni ya nani. Wiki iliyofuata kikaja kikaratasi cha chama: eti tela limeonekana mbele ya nyumba, faini, na malalamiko ya kelele kutoka kwa mtu ambaye ninaamini kabisa alichaji simu yake sebuleni kwangu. Nikakipiga picha, nikamtumia shemeji. Alikaa kimya hadi jioni, kisha akaandika:

"Pole sana shemeji. Mimi nilishangaa toka mwanzo, jenereta lenu hilo lina kesi nyingi."