Kadi ya Mkono Isiyochosha Mkono

Kadi ya dukani ina ubaya mmoja: bei yake inajulikana. Mtu akiipokea anaigeuza nyuma, anasoma stika, anakupima. Kadi ya mkono haina stika. Mpokeaji analazimika kukisia mwenyewe umekesha usiku ngapi, na mtu akikisia anavyopendwa huwa habani hesabu. Hapo ndipo penye faida yetu. Mwongozo huu ni wako wewe wa Isansa, hapa Mbozi, unayetaka kusifiwa kwa kazi ya mikono Krismasi hii, au kwenye mahafali ya mpwa wako wa kidato cha nne, bila kazi yenyewe kukuharibia jioni.

Wala usione haya. Kadi za Krismasi zilianzishwa na mtu aliyekuwa anakwepa kazi. Mwaka 1843, huko London, Henry Cole alizidiwa na barua za salamu za kuandika. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha moja, zikachapwa nakala 1,000, zikapakwa rangi kwa mkono. Mkono wa wengine, bila shaka. Zilizobaki ziliuzwa shilingi moja moja. Huyo ndiye babu yetu katika fani. Twende kazi.

1. Izeeshe karatasi. Nunua manila, ile ngumu ambayo walimu huchorea chati za ukutani. Kipande kimoja kikubwa kinatoa kadi kadhaa. Tatizo la manila nyeupe ni umbea: inaonyesha gundi, vidole na kila mstari wa penseli uliosahau kufuta. Dawa iko shambani kwako. Mbozi ni nchi ya Arabika, na sisi tunaoilima wengi tunakunywa chai, kwa hiyo kahawa angalau ipate kazi. Chemsha iwe nzito, iache ipoe, paka kwa kitambaa, anika kivulini, kisha ilaze chini ya gunia la mahindi inyooke. Itatoka ya kahawia, yenye mawingu mawingu. Ukiulizwa, sema umeizeesha. Uchafu ukipewa jina unakuwa mtindo.

Usijilinganishe na wanaotengeneza karatasi yenyewe. Ukiifuata barabara kuu hadi Iringa utawakuta Neema Crafts, kituo kilichoanza mwaka 2003, ambako mafundi wenye ulemavu wametengeneza karatasi hata kwa kinyesi cha tembo. Hao ni mafundi wa kweli. Wewe huna tembo, na subira pia huna.

2. Chonga muhuri, lakini usichonge herufi. Kata kiazi mviringo katikati kwa kisu kikali, mkato mmoja, usisite. Chora umbo juu ya nyama yake kwa ncha ya peni, kisha punguza pembeni ili umbo libaki limeinuka. Futa kwa kitambaa mpaka kikauke. Maji ya kiazi yakikutana na wino, unapata uji.

Herufi ziache kabisa. Muhuri hugeuza kila kitu, kulia kunakuwa kushoto. Ukichonga HERI sawasawa, itachapika kinyumenyume kama maandishi ya mbele ya ambulansi. Neno linalosalimika ukilichonga kivivu lazima herufi zake zifanane kulia na kushoto, tena lisomeke vilevile kutoka mwisho. OMO linafaa. Lakini humpelekei mama mkwe kadi ya sabuni ya unga siku ya Krismasi.

Chonga moyo. Utatoka bonge lisilo na mbele wala nyuma. Vizuri sana. Bonge hilo sasa ni Kimondo cha Mbozi, kile cha Ndolezi, chuma kilichoanguka kutoka angani chenye urefu wa mita 3 hivi na uzito wa zaidi ya tani 10. Nani atakukosoa? Hata chenyewe hakina umbo linaloeleweka, na bado watu wanatoka mbali kuja kupiga nacho picha. Andika chini yake "Zawadi kutoka mbinguni" uone watu wanavyofuta machozi.

3. Chagua wino kwa akili. Usiazime kidau cha wino cha ofisi ya kijiji. Ule wa zambarau ukigusa karatasi tu, shangazi atadhani ameitwa baraza la kata. Nunua mwekundu, au koroga rangi za maji za mtoto ziwe nzito, uzipake juu ya kiazi kwa sponji.

Chapa ya kwanza igonge kwenye gazeti, maana wino unakuwa mwingi mno. Ya pili ndiyo nzuri. Hiyo igonge kwenye kadi ya mtu unayemhitaji. Ya tatu inatoka hafifu. Usiongeze wino. Iite kivuli, mpelekee binamu. Na kumbuka Desemba kwetu ni mvua: wino unachelewa kukauka, na kadi mbili zikilaliana zinabusiana. Zipange moja moja juu ya kabati, uwakataze watoto kuingia. Katazo hilo pekee litaeneza habari mtaani kwamba ndani kuna kazi kubwa.

4. Kata maua ya watu. Wenye fani hii ng'ambo wana kimashine chenye rola mbili: unaweka karatasi juu ya chuma chenye makali, unazungusha mkono, ua linatoka limekatika. Wewe una wembe. Ukitaka kujaribu, kunja karatasi katikati ukate nusu ya moyo kwenye mkunjo. Ukiikunjua, pande zote zinalingana, na hapo ndipo ufundi wako utakapoishia.

Ua zuri liko kwenye droo. Toa kadi za michango ya harusi za miaka yote. Kamati za harusi zimekuchapishia waridi, njiwa na pete za dhahabu kwenye karatasi ya kung'aa, wewe hukuwahi hata kuwashukuru. Kata waridi, libandike kwa vipande viwili vya boksi chini yake ili liinuke. Kuinuka ndiko kunakowafanya watu waseme "Eee!"

Ila angalia mgongo wa waridi kabla ya kubandika. Ikiwa gundi itaachia, mpokeaji asije akakuta "tafadhali kabidhi mchango wako kwa mweka hazina" na nafasi ya ahadi yako ikiwa tupu. Hasa kama mweka hazina huyo ndiye unayempa kadi.

5. Tafuta mkono wa kuandika. Katika ukoo wowote hakosekani binti wa darasa la sita mwenye mwandiko wa kupendeza. Mlipe soda. Maneno yawe machache: "Nakuombea mema" yanatosha. Ukiandika aya nzima watajua huna la kusema; ukiandika maneno mawili watadhani moyo umejaa. Jina lako andika mwenyewe, kubwa, na kalamu ikwaruze kidogo.

6. Weka kosa moja. Kadi isiyo na kosa inanuka duka. Gusa wino kwa kidole gumba, kisha gusa kona ya chini kulia. Mara moja tu. Alama moja ni jasho la msanii, alama tano ni mtoto wako aliyeingia ukiwa jikoni.

7. Kabidhi bila kujisifu. Usiseme umeitengeneza. Subiri kuulizwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii umeinunua Tunduma?"

"Hapana, mama. Ni vitu vidogo vidogo tu vya nyumbani."

Halafu nyamaza, usugue macho kama mtu aliyekesha. Mkono wenye wino uonekane. Ndani ya bahasha tia noti ya elfu kumi, kwa sababu atakayeifungua ataitafuta kwanza noti, na akiikuta, sifa zote zitaiangukia kadi. Kimondo chochote kinapendeza kikiwa kimelalia noti.

8. Ukibanwa, nunua. Imefika jioni ya mwisho, kiazi kimesinyaa, binti kasafiri. Tulia. Shuka barabara kuu, panda gari la Tunduma, ingia steshenari yoyote, chagua kadi ya kawaida kuliko zote. Ya muziki itakuumbua. Nyumbani, pitisha pasi ya moto kidogo juu ya stika, kitambaa kikiwa katikati: gundi italegea, bei itabanduka nzima. Nyuma, palipochapwa jina la kiwanda, bandika kipande cha manila yako ya kahawa. Mbele gonga kimondo kimoja pembeni. Hiyo sasa ni kadi ya mkono. Mkono uliigusa.

9. Jihadhari na sifa. Hatari kubwa ya mwongozo huu ni kwamba unafanya kazi. Wiki mbili baada ya sikukuu utamwona mwenyekiti wa kamati ya harusi kabisha hodi, kakaa, kakubali chai. Wameona kadi kwa mama mkwe wako. Wanataka 200 kama ile, za mkono, single na double, na harusi ni mwezi ujao.

Usitetemeke, na usianze kumenya viazi. Pokea advansi, sema kwa sauti ya chini kwamba kazi ya mikono haitaki haraka. Kesho yake asubihi mpelekee kijana wa printa kadi moja aichanganue, achape zote. Mwambie kila kimondo kikae upande wake: kimoja juu kidogo, kingine kimepinda, kingine wino umefifia. Atakushangaa. Mwongezee shilingi hamsini kwa kila kadi, maana kupindisha vizuri ni kazi, kisha kamati uitoze mia tano. Wakilalamika kwamba hazilingani, waambie hicho ndicho walicholipia.