Risala kwa Mheshimiwa Mwingiliano wa Mawimbi

Mheshimiwa Mwingiliano wa Mawimbi, mgeni rasmi wa kila mbizi inayopigwa na kamera mkononi, sisi wazamiaji wa burudani tunaomba ruhusa yako tuisome risala hii. Tumechelewa, tunajua. Wenzako wa baharini wamekwisha kusifiwa: nyangumi amechorwa kwenye fulana, na papa potwe wa Mafia anafuatwa na watu waliovuka mabara mawili kuja kumtazama. Wewe, unayeonekana mara nyingi kuliko wote hao, huna hata stika.

Mheshimiwa, wapo katika hadhara hii wasioijua kazi yako. Mzamiaji wa kisasa haridhiki na mtungi wa hewa na geji yake. Kwenye regyuleta, katika tundu la shinikizo kubwa, hufunga kidude kinene kama kidole gumba kiitwacho transmita. Kila baada ya sekunde chache kidude hicho huituma habari ya hewa iliyobaki hadi kwenye kompyuta iliyofungwa mkononi, bila waya wala mpira. Aina kadhaa zinazotumika sana husema kwa kilohezi 38, masafa ya chini mno kwa redio, kwa kuwa maji ya chumvi huyameza mawimbi. Bluetooth ya simu, yenye gigahezi 2.4, hufia ndani ya sentimita chache tu. Hata hiyo kilohezi 38 hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kwa kila mita moja na ushei. Kwa hiyo kinachofika mkononi ni mnong'ono.

Na juu ya mnong'ono huo ndipo unapopaza sauti. Mpiga picha anafyatua flashi. Kapasita iliyomwaga umeme wake lazima ijazwe tena, hadi volti 300 hivi, na sakiti inayoijaza hutetema maelfu ya mara kwa sekunde, ikitoa kelele ya sumaku katika masafa yaleyale ya transmita. Namba ya hewa inatoweka kwenye kompyuta, vinabaki vistari. Flashi ikishajaa na taa yake ndogo ikawaka, namba inarudi. Picha nyingine, vistari vingine.

Tunaomba hadhara iangalie umahiri wa muda uliouchagua. Hakuna saa ambayo mzamiaji husahau hewa yake kama pale anapolala kifudifudi juu ya mchanga, kamera usoni, akimsubiri konokono-bahari mwenye ukubwa wa kucha ageuze kichwa. Saa hiyo ndiyo anayohitaji namba kuliko zote, nawe ndiyo unayomwonyesha vistari. Mtu asiyekutakia mema angesema ni bahati mbaya ya kiufundi. Sisi tunaona kipaji.

Tena hubagui. Ukishatoka kwenye flashi unaingia kwenye mota ya skuta ya chini ya maji, kwenye taa za video, kwenye fulana ya betri ya kupasha mwili joto wanayovaa wazamiaji wa maji baridi. Kadiri mtu anavyonunua ndivyo unavyomtembelea. Yule aliyekodi vifaa vikuukuu vyenye geji ya sindano humgusi kabisa. Ndani ya geji yake mna neli iliyopinda inayojinyoosha shinikizo likipanda, uvumbuzi ambao Eugène Bourdon aliupatia hataza Paris mwaka 1849, na hujawahi kuikatisha hata mara moja. Tumeshindwa kuelewa ni kwa nini humpendi Mfaransa huyu.

Ukoo wako nao ni mkubwa. Ndugu yako Chumvi ndiye aliyelilazimisha Jeshi la Majini la Marekani kutandaza nyaya ndefu katika misitu ya Wisconsin na Michigan ili liweze kuzungumza na nyambizi zake kwa hezi 76. Herufi chache zilichukua dakika kadhaa kufika, na mitambo ikaja kuzimwa mwaka 2004. Ikiwa nyambizi zenye makombora zilivumilia hayo, mtalii aliyetoka Nungwi kwenda Mnemba ni nani hata avikasirikie vistari vya sekunde nane?

Mchango wako kwa jamii tunauona zaidi juu ya boti, baada ya mbizi. Hapo huketi baraza. Mmoja anasema ni betri, anaibadilisha palepale vidole vikiwa na mchanga, punje moja inakaa kwenye mpira wa duara wa kuzuia maji, na mbizi ya pili transmita inakunywa bahari. Mwingine anasema kompyuta na transmita ziunganishwe upya. Wa tatu anailaumu kampuni, kisha nchi ilikotoka kampuni. Wakati wote huo kijana wa nahodha, ambaye hajawahi kumiliki kompyuta hata ya mezani, anapakia mitungi. Akichoka kuwasikiliza anasema: zimeni flashi kwanza tuone. Inazimwa, namba inarudi. Kisha kila kitu chenye betri kinawashwa kimojakimoja mpaka unakamatwa. Kompyuta inahamishiwa mkono ulio upande wa transmita, flashi inasogezwa mbali, na mambo yanatengemaa. (Kijana huyohuyo, lazima tuseme, huunyanyua mtungi kwa kuishika transmita, akidhani ni mpini. Hapo huhusiki, Mheshimiwa.)

Wapinzani unao. Wazamiaji wawili wenye transmita zinazotuma kwa muda uleule walikuwa wakizibana sauti, basi Shearwater ya Canada ikauza za kijivu na za njano, kila rangi na muda wake wa kutuma. Baadaye ikaja nyingine inayosikiliza kwanza kama kuna anayezungumza ndipo iseme, adabu ambayo bado haijafika kwenye vikao vyetu vya harusi. Garmin nayo, mwaka 2020, ikakukwepa kwa kuacha redio na kutumia sauti ndani ya maji. Hatuna shaka utalishughulikia.

Mheshimiwa mgeni rasmi, changamoto hatuna, ila ombi tunalo moja. Kwenye mita 5, katika zile dakika 3 za kusimama kwa usalama, mpiga picha huwa ameshazima flashi na anazipitia picha zake. Uwe unaondoka kabla ya hapo. Mara ya mwisho ulipochelewa kumpisha, namba ilirudi ikisoma bar 30, kwa mtu aliyeahidi mbele ya boti nzima kwamba atapanda na 50, na kiongozi wetu akamtaka aeleze zile 20 zilikwenda wapi. Alikutaja wewe. Hakuna aliyemwamini, kwa sababu picha zilikuwa mia na arobaini, zote za konokono mmoja.