Sifa za “Much” na “Many”

“Much” na “many” ni maneno mafupi, lakini kazi yake ni ya mahakama. Kiswahili hutosheka na “-ingi”: watu wengi, maji mengi, sukari nyingi. Kiambishi hufuata ngeli, basi. Kiingereza kimeukataa uvivu huo. Kabla ya kusema kitu ni kingi, msemaji sharti kwanza atoe hukumu: kinahesabika, kipewe “many”, au hakihesabiki, kipewe “much”.

Haki hiyo haina upendeleo. Kwenye sahani moja, maharage huhesabika na wali hauhesabiki. Njegere ziliwahi kuwa upande wa wali, zikiitwa “pease”. Katika karne ya 17 watu wakaidhania ile sauti ya mwisho kuwa alama ya wingi, wakaikata, na “pea” ikazaliwa. Kiti huhesabika, meza pia, ila vikikutana sebuleni vikaitwa “furniture” vinageuka uji. Mwanafunzi anayeandika “informations” huupa wino mwekundu ajira ya kudumu.

Kilele ni pesa. Keshia huzihesabu kutwa, na mashine za kuzihesabu zipo, lakini sarufi imeshikilia kwamba “money” haihesabiki. Shilingi, ndiyo, dola, ndiyo, “money”, hapana. Wadaiwa wengi wangefurahi kama wadai wao wangekuwa wanasarufi.

Kwenye uhaba, hata Kiswahili hubagua kidogo: watu wachache, maji kidogo. Kiingereza kina “few” na “little”, kisha huongeza herufi moja yenye huruma. Mwenye “few friends” ni mpweke. Mwenye “a few friends” anao wa kumzika.

Utukufu uliobaki ni wa “less” na “fewer”. “Less” ilitumika hata kwa vitu vya kuhesabika tangu enzi za Mfalme Alfred, karne ya 9. Mwaka 1770 mwandishi Robert Baker aliandika kwamba, kwa maoni yake, “fewer” ingependeza zaidi hapo. Yalikuwa maoni tu. Waliomfuata wakayafanya sheria, na sheria ikapata askari wa kujitolea. Waliyakemea hata mabango ya kaunta za haraka madukani, yaliyosema “10 items or less”. Mwaka 2008 Tesco ya Uingereza iliamua kuyabadilisha yake. Haikuchagua “less” wala “fewer”. Iliandika “Up to 10 items”.