Paka Paka

Shume wetu alipoanza kunyonyoka manyoya mgongoni, nilimtia kikapuni (kikapu cha sokoni cha Bibi, lakini hilo sikumwambia) nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Akadungwa sindano, nikaonywa asipakwe kitu chochote kwa siku tatu, nikapewa na kadi.

Bibi akataka nimsomee. "Jina: Shume. Spishi: Felis catus."

Akashika tama. "Masikini! Na huwa inaua?"

Kufika alasiri, majirani watatu walikwisha kuja kutoa pole. Mmoja alisema shemeji yake wa Pangani alishikwa na hiyo hiyo katusi, mguu wa kushoto, akapona kwa shubiri.

Ikabidi nitoe darasa. Huo si ugonjwa, ni jina la kisayansi. Alilitoa Carl Linnaeus, Mswidi, mwaka 1758. Simba naye analo lake, Panthera leo, na yeye, chui, duma na huyu Shume wote ni ukoo mmoja, Felidae.

"Na paka wa zabadi?" akauliza mama wa shubiri.

"Yule si paka. Ana ukoo wake mbali."

Pakawa kimya. Umwambie mtu wa Tanga kwamba paka wa zabadi si paka! Badala ya kunyamaza nikaongeza kwamba fisi, kwa nasaba, yuko karibu na paka kuliko mbwa. Hapo wageni wakaanza kutafuta kandambili zao.

Bibi peke yake ndiye aliyebaki na swali. "Mume wangu, sasa hiyo Felisi katusi maana yake nini hasa?"

Nikajikohoza kisomi. Felis ni paka kwa Kilatini cha kale. Catus limetokana na Kilatini cha baadaye, nalo ni paka vilevile. "Kwa hiyo, Bibi, maana yake ni paka paka."

"Ala! Si ungesema mapema?"

Nikaenda zangu msikitini. Kurudi, namkuta Shume amebanwa magotini, anang'aa masikio hadi mkia, na chupa ya mafuta ya nazi imebaki tone.

"Bibi! Daktari kakataza asipakwe!"

"Kadi ya daktari inasema paka paka. Nimepaka, nikapaka tena."

Shume akachomoka, akaruka kitini, akajigaragaza juu ya kanzu yangu ya Ijumaa niliyoipiga pasi asubuhi.

Bibi akaitazama ile kanzu, akanitazama mimi. "Na kufua," akasema, "kwa Kilatini wanasemaje?"